Nyumba ya Zamani au Mpya, Ploti Kubwa au Ndogo: Maswali Ninayoulizwa Nakuru na Kisumu

Nasimamia ujenzi wa nyumba hapa Nakuru, na mara kwa mara huvuka Mau Summit kwenda kazi za Kisumu na Kakamega. Nililelewa katika kota za reli, nyumba ya mawe yenye baraza mbele na mparachichi nyuma. Leo naishi Kiamunyi, kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Maisha yote mawili nayajua. Maswali haya huulizwa na watu ambao watanunua nyumba mara moja tu maishani, na nimeyajibu kama ambavyo ningemjibu dada yangu.

Tukisema nyumba ya zamani tunamaanisha ipi, na mpya ni ipi?

Hapa Nakuru, za zamani ni zile za Milimani, sehemu za Section 58, na kota zilizojengwa kabla ya uhuru au miaka michache baadaye. Kisumu nao wana Milimani yao upande wa ziwani. Utazitambua: bangalo ya kuta nene za mawe, madirisha ya vyuma, dari iliyo juu, korido ndefu, jikoni limewekwa mwisho kabisa, bafu moja, na choo katika chumba cha pili yake. Za Nakuru nyingi zina meko ya kuni sebuleni, kwa sababu mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari na usiku wa Julai una baridi ya kweli.

Mpya ni hizi za Kiamunyi, Naka, Lanet na Ngata, au Riat na Mamboleo kwa watu wa Kisumu. Sebule, meza ya kulia na jikoni vimeunganishwa, karibu kila chumba cha kulala kina bafu lake, silingi ni ya jipsamu na mara nyingi paa limefichwa nyuma ya ukuta.

Katikati kuna nyumba za miaka ya 1980 na 1990. Hizo nazikagua kwa makini kuliko zote, maana nyingi zina vyumba vidogo kama za sasa na mabomba ya chuma kama za zamani.

Ploti ya hamsini kwa mia ni kubwa kiasi gani hasa?

Hizo ni futi. Kwa mita ni 15.24 kwa 30.48, jumla futi za mraba 5,000. Watu huiuza kama "moja ya nane", lakini moja ya nane ya eka ni futi za mraba 5,445. Zile 445 zilizopungua zinatosha kuegesha magari matatu. Vivyo hivyo mia kwa mia huitwa robo eka, ilhali robo eka kamili ni futi 10,890. Arobaini kwa themanini ni futi 3,200 tu.

Hatimiliki haizungumzi futi wala eka, inazungumza hekta. Hamsini kwa mia itasomeka karibu 0.046, robo eka karibu 0.101, nusu eka karibu 0.202. Ukiambiwa robo halafu hati ikasema 0.08, uliza mapema, kabla pesa haijatoka.

Sasa chora picha. Bangalo ya vyumba vitatu inakula kama mita za mraba 120. Kwenye hamsini kwa mia unabaki na kama 345. Toa njia ya kuingilia, magari mawili, tangi la maji, septiki na kamba ya kuanikia nguo. Nyumba ikiwa na upana wa mita 11, kila upande unabaki na mita mbili, na dirisha la chumba chako linatazamana na la jirani. Utasikia akikohoa. Nyumba hiyohiyo ukiiweka kwenye nusu eka, yaani zaidi ya mita za mraba 2,000, inakuwa na pumzi pande zote nne.

Lipa soroveya atafute bikoni, yaani alama za mipaka, kabla ya kutoa arubuni. Ramani ya rejista katika maeneo mengi huonyesha mipaka kwa jumla tu, haikupi vipimo kamili vya ardhini. Niliwahi kuandamana na familia moja kutazama nyumba nzuri sana, tukakuta ukuta wa jirani umeingia futi nne ndani kwa urefu wote wa ploti. Hizo ni futi za mraba 400, na aliyekuwa akiuza aliishi pale miaka bila kujua.

Kwa bei ileile, nichukue nyumba mpya kwenye ploti ndogo au ya zamani kwenye robo eka?

Hili ndilo swali lenyewe, na sitalizunguka. Kama hati ni safi, paa linatengenezeka na bado utabaki na akiba, chukua ya zamani. Sababu yangu ni moja. Ukuta hubomolewa, mpaka hausogei. Bafu la pili utaliongeza mwaka ujao, jikoni utalifungua, rangi utabadilisha. Lakini hakuna fundi duniani atakayekuongezea mita tano upande wa kulia.

Neno akiba nalitilia mkazo. Mimi humwomba mnunuzi wa nyumba ya zamani abaki na angalau sehemu moja ya tano ya bei mkononi. Asipoweza, namwambia aiache, hata kama moyo umeshaingia. Nimeona watu wakihamia Milimani wakiwa wamemaliza kila shilingi, mvua za Aprili zikaja, wakalala na ndoo kitandani.

Na kuna watu ambao nawaambia wachukue mpya bila kusita. Mume na mke wote wako kazini hadi jioni, watoto bado wadogo, hakuna mtu wa kufyeka nyasi, hakuna anayetamani kuku wala mboga. Robo eka kwa watu kama hao itageuka kichaka na mlango wa wezi.

Jikoni lililo wazi lina ubaya gani?

Halina ubaya kama mnakunywa chai na kupasha chakula. Lakini sisi tunapika. Ugali unasongwa kwa nguvu na sufuria inalia, omena inakaangwa, samaki mzima anazama kwenye mafuta moto, maharagwe yanachemka kwa muda wa saa mbili. Jikoni likiwa wazi, pazia za sebule zitanuka samaki hadi Jumapili, na mgeni wa heshima ataketi akitazama sinki lenye vyombo. Nilisimamia nyumba moja Kisumu ambayo mwenyewe aliililia ramani ya jikoni wazi, akanirudia baada ya mwaka mmoja nimjengee ukuta.

Mashine ya kunyonya moshi inasaidia tu ikiwa ina bomba linalotoka nje. Nyingi nilizoziona huchuja hewa na kuirudisha mlemle ndani.

Waliochora nyumba za zamani walilificha jikoni mwisho wa korido, na kati yake na chumba cha kulia waliweka kidirisha cha kupitishia chakula. Kidirisha kile nakipenda. Mpishi anawasikia watu, anapitisha sahani, moshi unabaki kwake. Ukinunua nyumba yenye kidirisha hicho usikizibe.

Suluhisho ninalowapa wengi ni jikoni mbili: la ndani liwe wazi upendavyo, na nyuma ya nyumba kuwe na banda dogo lenye jiko la makaa, sinki na bati juu. Hapo ndipo nyama, samaki na githeri vitapikwa. Sharti ni uwe na nafasi nyuma ya nyumba, kwa hiyo tunarudi palepale kwenye ploti.

Mama mkwe atalala wapi?

Watu wa mjini hucheka nikiuliza hivi, kisha hunyamaza. Kwa Wajaluo na kwa Waluhya wengi, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe wa kiume. Familia nyingi zinalishika jambo hili hadi leo, hata zilizosoma, hata zilizookoka. Sasa wewe umenunua mezoneti ya vyumba vinne, vyote juu, ngazi moja. Mkeo amejifungua, mama yake amefunga safari kutoka Siaya au Vihiga kuja kumsaidia. Atalala wapi?

Nyumba ya zamani ilikuwa na jibu bila kukusudia. Wakoloni walijenga kile kijumba cha nyuma tunachokiita SQ kwa ajili ya mtumishi, na nia yao haikuwa njema: chumba kidogo, dirisha dogo, choo cha nje. Lakini ukikiongezea chumba na bafu lenye maji moto, unapata nyumba ya mgeni yenye paa lake na mlango wake. Nimetengeneza kadhaa za namna hiyo, na sijawahi kusikia mtu akijuta. Siku nyingine inakaliwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, siku nyingine na mpangaji.

Kwenye ploti ndogo ni shida, ingawa si muhali. Ukijenga mwenyewe, uliza fundi akuwekee chumba kimoja chini chenye mlango wa nje. Wazee wengine hukubali hilo, wengine hawakubali, kwa hiyo zungumza nao kabla ya msingi kuchimbwa.

Na mikutano ya ukoo je? Hema la watu 100, viti, masufuria, magari ya wageni. Kwa mahari, kwa matanga ya usiku kabla ya safari ya kwenda nyumbani kuzika. Wenye hamsini kwa mia hufunga barabara ya mtaa. Watu wa magharibi wanajua nyumba ya mjini si boma, maiti itarudi kwenye udongo wa baba, lakini kilio huanzia hapa mjini.

Naweza kuvunja ukuta wa nyumba ya zamani nipate sebule kubwa?

Mara nyingi ndiyo, lakini si ukuta wowote. Katika bangalo ya zamani, ukuta wa katikati wenye korido mara nyingi ndio uliobeba mbao za dari na paa. Panda darini na tochi ukaone mbao zimelala wapi. Ukiondoa ukuta huo lazima paingie boriti ya chuma au ya zege iliyopimwa na mhandisi, na kaunti iidhinishe. Fundi anayekwambia "huu tunatoa tu, boss" bila kupanda darini, mshukuru umwachie aende.

Ni nini kilichochakaa zaidi katika nyumba za zamani?

Paa kwanza. Baadhi zimeezekwa kwa asbestosi, karatasi za kijivu zenye mawimbi. Kenya ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2006 kwa sababu vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Ikiwa nzima na haijaguswa haitoi vumbi jingi, hatari inaanza mtu anapoikata, kuitoboa au kuivunja. Usimruhusu fundi aipande kuitoboa. Kuitoa ni kazi ya watu walioidhinishwa na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, na gharama hiyo uipunguze kwenye bei kabla ya kukubaliana.

Pili ni mabomba ya chuma. Kutu hujaa ndani hadi bomba la nusu inchi linabaki na tundu la kalamu. Fungua bafu na sinki la jikoni kwa wakati mmoja. Kama moja linafifia, hesabu mabomba yote mapya.

Tatu ni umeme. Ukiona soketi zenye matundu ya duara, waya za nyumba hiyo ni za enzi nyingine, na huenda hazina waya wa ardhi kabisa. Shawa ya umeme kwenye waya hizo ni kifo. Usijadiliane na mtu, badilisha nyumba nzima.

Kisha mchwa. Gonga fremu za milango na mbao za ukingo wa paa kwa bisibisi. Ikizama, mchwa ameshakula. Upande wa Kisumu na Kakamega nimewakuta zaidi kuliko hapa.

Kuta zenyewe? Hizo hazinipi usingizi mbaya. Mawe ya inchi tisa yaliyojengwa kwa uvumilivu yamekaa miaka sitini na yatakaa mingine.

Nyumba mpya zina kasoro gani ambazo muuzaji hasemi?

Paa la kufichwa. Linapendeza kwenye picha, lakini maji yote ya mvua yanakusanyika kwenye mfereji ulio nyuma ya ukuta, na jani moja la mkaratusi likiziba tundu, maji yanarudi ndani. Kakamega inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kujenga paa la namna hiyo kule ni kujitafutia kesi na anga. Paa la mwinuko lenye ukingo unaotokeza nje, kama la babu, linamwaga maji mbali na kulinda kuta.

Joto ni la pili. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na jua la Februari halina huruma. Nyumba ya zamani ya kule ina dari ndefu, baraza lenye kivuli na madirisha yanayotazamana, upepo wa ziwa unaingia huku unatokea kule. Mpya nyingi zina silingi ya chini, dirisha upande mmoja tu wa chumba, na kioo cha kutelezesha kinachofunguka nusu. Halafu mtu ananunua feni, kisha kiyoyozi, kisha analalamika kuhusu tokeni za umeme. Ukiingia nyumba mpya Kisumu, fungua madirisha yote, simama katikati ya chumba cha kulala. Usiposikia upepo shingoni, hapo hakuna hewa.

Nyufa ndogo za plasta haziniogopeshi. Ufa wa pembeni mwa dirisha unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya mawe unaniogopesha sana. Na omba cheti cha kaunti cha kuruhusu watu kuhamia. Nyumba nyingi nzuri hazina, na siku ya kuomba mkopo au kuuza ndipo utakapokitafuta.

Udongo wa hapa una shida gani?

Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, kati ya Menengai na ziwa, juu ya majivu ya volkano. Mvua kubwa ikinyesha, maji huosha majivu hayo chini kwa chini na ardhi inaweza kufunguka au kudidimia. Uliza majirani wazee kama pamewahi kufunguka ufa. Muuzaji usimuulize. Tetemeko la Subukia la Januari 1928 lilikuwa la kipimo cha karibu 7, na Subukia si mbali na hapa. Kwa hiyo mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya madirisha si pambo, na katika nyumba mpya omba picha za ujenzi zinazouonyesha.

Usisahau maziwa. Ziwa Nakuru limepanuka sana tangu mwaka 2010 na kumeza viwanja vya watu. Ziwa Victoria nalo lilipanda mwaka 2020 likaingia nyumba za ufukweni. Ploti kubwa ya bei nafuu karibu na maji, uliza kwa nini ni nafuu.

Kisumu uwanda wa chini, kuelekea Kano, una udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi wake ni ghali, lazima uchimbwe hadi chini ya udongo huo au uletewe kifusi cha maramu. Riat kinyume chake ni mwamba, unalipa kuvunja mawe, lakini nyumba haitacheza. Nyumba ya zamani iliyosimama wima kwenye udongo mweusi miaka hamsini imeshafanya mtihani wake. Mpya bado haijaketi kwenye dawati.

Maji safi na maji taka yanahusianaje na ukubwa wa ploti?

Sana. Mitaa ya zamani ya mjini mingi imeunganishwa na mfereji mkuu wa maji taka. Mitaa mipya ya pembeni mingi haina, kila mtu ana septiki yake na shimo la kunyonya. Wahandisi wengi hutaka angalau mita 30 kati ya shimo hilo na kisima. Sasa ploti yako yote ina urefu wa mita 30. Hata ukiweka kisima mbele kabisa, shimo la jirani wa mbele liko hatua chache. Kwenye hamsini kwa mia mimi sichimbi kisima.

Hapa Nakuru maji ya visima yana lingine: madini ya floraidi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde hili vinapita hapo. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanatoka huko. Nina mtoto mwenye meno hayo, na laiti ningelijua mapema. Peleka maji ya kisima maabara kabla ya kununua nyumba inayokitegemea.

Maji ya mvua hayana floraidi. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita za mraba 120 ni lita 1,200. Tangi kubwa linahitaji mahali pa kukaa, na mwenye robo eka anapo.

Hati za nyumba za zamani zina tofauti gani na za mpya?

Za zamani mjini mara nyingi ni za kukodishwa na serikali, mfano miaka 99. Ikiwa ilianza 1964, inaisha 2063. Soma mwaka wa kuanza, piga hesabu mwenyewe. Benki hazipendi kukopesha muda ukiwa mfupi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mwenye ardhi, akiwa raia wa Kenya, nafasi ya kwanza ya kupewa tena muda ukiisha, isipokuwa serikali ikiihitaji kwa umma. Hiyo ni nafasi ya kwanza tu, haikupi uhakika. Kama anayeuza si raia, kumbuka Katiba ya 2010 iligeuza umiliki wa kudumu wa watu kama hao kuwa wa miaka 99.

Mpya za pembeni mara nyingi ni za umiliki wa kudumu, zilizokatwa kutoka mashamba. Hapo uliza kama bado zinahesabiwa ardhi ya kilimo. Kama ndiyo, unahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na matumizi yabadilishwe kuwa ya makazi. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba si hatimiliki.

Kwa zote mbili: fanya sachi, yaani upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, dai cheti cha kaunti kuonyesha hakuna deni la ada za ardhi, na kwa nyumba ya familia hakikisha mwenzi wa ndoa ametia sahihi. Bila ridhaa yake mauzo yanaweza kubatilishwa, na nimewaona mama waliogundua nyumba imeuzwa siku mnunuzi alipokuja na lori. Usiwe mnunuzi huyo.

Zaidi ya bei, nitalipa nini?

Ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, 2 mashambani. Kwa nyumba ya milioni 12 mjini ni 480,000. Ongeza wakili, soroveya na mthamini. Kodi ya faida, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji, asikusukumie.

Nikinunua nusu eka naweza kukata nusu niiuze?

Inawezekana, lakini usinunue ukitegemea hilo. Kaunti lazima ikubali, na kama ni ya kukodishwa, serikali pia. Kipande cha nyuma kinahitaji njia, na njia itakatwa kwenye kipande cha mbele. Mara nyingi nyumba ya zamani ilijengwa katikati kabisa ya ploti, kwa hiyo hakuna mstari wa kukata usiopita sebuleni.

Jirani yako pia anaweza kukata, au kujenga flati za ghorofa tano zinazochungulia bafuni kwako. Milimani zote mbili zinabadilika hivyo. Ukiona tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi limebandikwa getini kwa mtu, lisome, na kama una pingamizi lipeleke kaunti kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa.

Niende kuitazama nyumba lini?

Mara tatu. Kwanza asubuhi ya Jumapili, utasikia makanisa na vipaza sauti. Pili usiku, ukiwa na mtu, uone taa za barabarani na kama geti la jirani linageuka kuwa baa.

Ya tatu ni mvua ikinyesha. Nakuru mvua nyingi huja alasiri, kwa hiyo mwambie dalali utampigia simu mawingu yakishika Menengai, na asikasirike. Nenda na gambuti. Simama kwenye kona ya chini ya ploti, utazame maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Kisha ingia ndani, zima redio, waombe watu wanyamaze, usikilize darini.